Uanagenzi wa ufundi mitambo kiwandani: nichukue nafasi hii au niende diploma kwanza?

Kijana wa Osukuru (Tororo)

Wazee wetu na mafundi wa humu, nawasalimu. Nimemaliza cheti cha taifa cha ufundi mitambo, ile kozi ya miaka miwili baada ya S4 (kidato cha nne), na kiwanda kimoja cha saruji kimenipa nafasi ya uanagenzi wa miaka miwili katika idara ya matengenezo ya mitambo. Posho yake inatosha nauli na chakula cha mchana, haizidi hapo. Wakati huohuo mjomba wangu yuko tayari kunilipia diploma katika chuo cha ufundi cha UTC Elgon kule Mbale, lakini amenieleza wazi kwamba fedha hizo haziwezi kuningoja miaka miwili, kwa kuwa wadogo zangu nao wanakaribia kumaliza sekondari.

Hofu yangu ni kwamba baadhi ya vijana walionitangulia katika viwanda vya huku walipewa fagio na pampu ya grisi tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, wakatoka bila ujuzi wala karatasi. Naomba kujua mwanagenzi wa matengenezo ya mitambo anapaswa kufundishwa nini hasa, nitatambuaje mapema kwamba kiwanda kinafundisha kweli, na ni cheti gani ninachoweza kukipata mwishoni ambacho mwajiri mwingine atakiheshimu.

Fundi wa Zamu (Jinja)

Mdogo wangu, nianze na hiyo pampu ya grisi unayoiogopa, kwa sababu ndipo ningekutazama kwanza kama ningekuwa msimamizi wako. Beringi, yaani ile ringi yenye gololi ndani inayobeba shafti (mhimili unaozunguka), ikishindiliwa grisi kupita kiasi huharibika sawa na ile iliyonyimwa: gololi zinaikoroga ile ziada, joto linapanda, mafuta yanajitenga na kinachoyashikilia, na baada ya muda hakuna kilainishi kilichobaki pale kinapotakiwa. Vilevile grisi za aina mbili, kwa mfano ya lithiamu na ya poliurea, zinaweza kukataana zikichanganywa, zikalainika hadi kuvuja nje. Kwa hiyo mwanagenzi anayepewa pampu pamoja na ratiba inayoonyesha aina ya grisi, kiasi chake na muda wa kurudia kwa kila sehemu, amepewa somo. Anayepewa pampu bila ratiba ametumwa tu, na tofauti hiyo utaiona katika juma la kwanza bila kumuuliza mtu.

Baada ya hapo uanagenzi wenyewe umejaa mambo ambayo chuoni mliyasoma kwa haraka. Chukua ufungaji wa beringi. Ile yenye namba 6310 ina tundu la milimita 50, na kwa kawaida inakaa kwenye shafti iliyo kubwa kuliko tundu hilo kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Fundi asiye na subira anaipiga nyundo kwenye ringi ya nje. Pigo linapita kwenye gololi na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho, na beringi hiyo imekwisha kufa kabla mashine haijawashwa. Fundi aliyefundishwa anaipasha moto kwa hita hadi nyuzi joto 110 hivi, bila kupita 120. Kwa ongezeko la nyuzi 80, tundu la milimita 50 linapanuka karibu milimita 0.05, na beringi inateleza mahali pake kwa mkono wenye glavu.

Halafu kuna kunyoosha mstari wa shafti ya mota na ya pampu, kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayomtenga fundi sanifu na mfungua bolti. Kwanza unakagua miguu ya mota kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), kwa maana mguu mmoja ukiwa unaelea, kila unapokaza bolti unaipinda fremu na vipimo vyako vyote vinakuwa uongo. Ndipo unafunga dayali geji (kipimo cha mshale cha tofauti ndogo sana) kwenye kaplingi, kiungo cha shafti hizo mbili, na kuzungusha. Kumbuka kwamba usomaji wa mzunguko mzima kwenye ukingo ni mara mbili ya tofauti halisi ya vitovu: ukisoma milimita 0.40, shafti zimepishana milimita 0.20. Nimewaona watu wenye miaka mingi kazini wakiweka shimu (vibamba vya kuinulia miguu ya mota) kwa kufuata namba ile kubwa, kisha wakashangaa mbona mtetemo umeongezeka.

Neno la mwisho kwa leo, na ndilo zito. Mitambo ikiharibika, kiwanda kinakimbilia kubadilisha kipuri kwa sababu uzalishaji umesimama na meneja yuko nyuma yako. Wewe okota beringi iliyotolewa, ioshe, itazame. Alama za kuchubuka upande mmoja tu zinasema jambo, rangi ya bluu ya joto inasema jambo jingine, kutu iliyopangika kwa nafasi zilezile za gololi inasema mashine ilisimama muda mrefu kwenye unyevu. Kama hakuna mtu kiwandani anayeuliza kwa nini kipuri kilikufa, utajifunza kubadilisha vipuri tu, tena kwa kasi kubwa, na kibarua yeyote anaweza kujifunza hilo kwa miezi michache.

Dereva wa Winchi (Lugazi)

Ndugu, nenda diploma. Nilipokuwa nafanya kazi mahali pamoja, wanagenzi walikuwa wanaitwa wanagenzi kwenye karatasi tu, na mkataba wao ulipokwisha waliletwa wengine kwa posho ileile. Kiwanda hakina haraka ya kukuajiri ikiwa kijana mwingine wa bure anasubiri getini. Mjomba anayejitolea kulipa ada haji mara mbili.

Binti Mitambo (Kasese)

Simpingi Dereva wa Winchi, kwa kuwa hayo yapo, ila dawa yake ni kusoma mkataba kabla ya kutia saini, na vijana wengi hawausomi. Mdogo wangu wa Osukuru, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inauhesabu mkataba wa uanagenzi kuwa mkataba wa kazi. Maana yake ni kwamba huyo anayekuambia kuwa wewe ni mwanafunzi tu na huna haki yoyote hapo kiwandani anakudanganya, au hajui. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2006, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa gharama yake mwenyewe. Ukiambiwa ununue viatu vya chuma na miwani kwa posho yako, hiyo ni ishara ya mapema kuliko zote, na mimi ningeondoka siku hiyohiyo.

Kuhusu usalama nataka nikae kidogo, maana Fundi wa Zamu ameipita. Kiwanda kinachofundisha kinampa mwanagenzi kufuli lake, lenye jina lake, na ufunguo mmoja unaokaa mfukoni mwake. Kabla ya kugusa konveya (mtambo wa mkanda wa kusafirisha mzigo), kila anayeifanyia kazi anafunga kufuli lake kwenye swichi kuu, hata kama wako wanane, kisha mmoja anajaribu kuiwasha ili kuthibitisha kwamba haiwaki. Wengi wanaishia hapo, wakisahau kwamba umeme siyo nguvu pekee iliyomo kwenye mtambo. Mkanda wa konveya iliyo kwenye mteremko, ukiwa na mzigo, unaweza kurudi nyuma wenyewe breki ikifunguliwa. Silinda ya haidroliki inabaki na shinikizo baada ya pampu kuzimwa, na bomba la mvuke linabaki na mvuke. Uzito wa kukazia mkanda umening'inia juu, nao hauulizi kama swichi imefungwa. Siku ya kutembelea kiwanda omba kuona ubao wa makufuli. Ukiwa mtupu huku mafundi wamo ndani ya mashine, umeshapata jibu lako.

Saruji ina jambo jingine ambalo chuo hakiwezi kukuonyesha. Ndani ya tanuri malighafi inafika nyuzi joto 1,450 hivi, na ganda la chuma limekalia magurudumu machache tu kwa urefu wote ule. Umeme ukikatika tanuri likiwa moto, likiachwa limesimama, ganda linalegea na kupinda kwa uzito wake. Ndiyo sababu kuna injini ndogo ya dizeli ya kulizungusha polepole, na injini hiyo inajaribiwa mara kwa mara hata kama mwezi mzima umeme haujakatika. Mwanagenzi aliyewahi kuwa zamuni usiku wa namna hiyo anaelewa matengenezo ya kinga kuliko yule aliyeyasoma kwenye daftari.

Na kwa wasichana wanaosoma bila kuandika: njooni. Mizigo mizito inanyanyuliwa kwa winchi ya mnyororo, haikuwahi kuwa kazi ya mgongo wa mwanamume.

Mwalimu wa Karakana (Mbale)

Nimefundisha vijana wengi wa cheti, na ninaona ndugu zangu wamejibu kana kwamba chuo na kiwanda ni maadui. Diploma ni miaka miwili, na ndani yake kuna mafunzo ya kazini. Kinachopatikana chuoni ambacho kiwanda hakina muda nacho ni kusoma mchoro, kukokotoa, na kuelewa kwa nini namba iko vile ilivyo. Fundi wa Zamu ametaja beringi ya 6310 na tundu lake la milimita 50. Mwanafunzi anapaswa kujua kwamba kuanzia 04 na kuendelea, tarakimu mbili za mwisho za namba ya beringi huzidishwa kwa tano kupata tundu, kwa hiyo 6205 ni milimita 25 na ile kubwa ya 22220 ni milimita 100. Anapaswa kujua kwamba uzi wa M10 wenye hatua ya 1.5 unatobolewa kwa keekee ya 8.5 kabla ya kuchongwa. Anapaswa pia kujua kwamba mota ya nguzo nne za sumaku kwenye umeme wetu wa hezi 50 huzunguka karibu mara 1,480 kwa dakika, ili akipima mtetemo aweze kubaini kama unapiga mara moja kwa kila mzunguko, jambo linaloelekeza kwenye uzito usiolingana, au mara mbili, ambapo kwanza ningekagua mstari wa shafti.

Kuhusu cheti, kwa miaka mingi ujuzi uliopatikana kazini ulipimwa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, yaani DIT, iliyoko Lugogo, huku mitihani ya vyuo vya ufundi ikisimamiwa na bodi ya mitihani ya UBTEB. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025 imekusanya upimaji huo chini ya bodi moja, UVTAB. Kwako maana yake ni kwamba barua ya kiwanda inayosema umefanya kazi vizuri haitoshi. Uliza kama watakuandikisha kwa upimaji unaotambuliwa na taifa. Na iwe hivyo au isiwe, weka daftari la kazi. Kila siku andika mashine, tatizo, vipimo kabla na baada, na saini ya fundi aliyekusimamia. Mpimaji akikuta daftari lenye vipimo, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Ushauri wangu, nikiwa mwalimu na nikijua nitaonekana nimependelea upande wangu, ni kwamba ada ya mjomba ina tarehe ya mwisho, na nafasi za uanagenzi hutangazwa tena. Hata hivyo, kama kiwanda hicho kina mpango wa maandishi wa kukuzungusha katika vitengo vyote, ningesita kukuambia uuache. Mipango ya namna hiyo si mingi.

Kijana wa Osukuru (Tororo)

Nawashukuru sana. Nilikwenda kiwandani nikaomba kutembezwa. Ubao wa makufuli upo, na niliona makufuli matatu yamefungwa kwenye swichi ya kinu cha kusagia ambacho kilikuwa kwenye matengenezo. Ratiba ya grisi imebandikwa ukutani. Mkataba, hata hivyo, unasema tu kwamba mwanagenzi "atafanya kazi katika idara ya matengenezo kadiri atakavyoelekezwa", na hautaji vitengo wala upimaji. Afisa wa wafanyakazi amesema nikitaka nyongeza niiandike mwenyewe wataitazama. Mjomba naye amekubali kuningoja mwaka mmoja, siyo miwili. Dada Binti Mitambo, nyongeza hiyo niiandike vipi isionekane kama ninawaamuru?

Binti Mitambo (Kasese)

Kama wamekuambia uiandike mwenyewe, si watu wabaya. Iwe fupi na itaje muda, kwa sababu ahadi isiyo na muda haidaiwi. Ningeandika hivi: "Katika miezi kumi na miwili ya kwanza mwanagenzi atapangiwa kwa zamu katika kitengo cha konveya, kitengo cha vinu, kitengo cha pampu na hewa ya shinikizo, na karakana ya kukereza na kuchomelea, si chini ya miezi miwili katika kila kitengo, chini ya fundi atakayetajwa kwa jina. Daftari lake la kazi litasainiwa kila wiki. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili ataandikishwa kwa upimaji unaotambuliwa na serikali, na pande zote mbili zitakuwa huru kuuendeleza au kuusitisha mkataba bila fidia."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayokulinda wewe na ada ya mjomba, kwa hiyo usikubali iondolewe. Wakitaka kupunguza vitengo, punguza karakana, kwa kuwa kukereza na kuchomelea utavikuta chuoni. Vinu na konveya hutavikuta huko. Uliza pia nani atakuwa fundi wako, na kabla ya kutia saini ukae naye nusu saa umwulize beringi ya mwisho aliyoitoa ilikufa kwa nini.

Fundi wa Zamu (Jinja)

Akikujibu "ilikuwa imezeeka", omba upangiwe fundi mwingine.