Ghorofa zinapanda, bomba la majitaka ni lile lile: chemba ya mtaani kwetu Kariakoo siku ya 11 inafurika

Wakuu, habari za humu. Kama uko mezani unakula, huu uzi urudie baadaye.

Nina duka la vitenge Kariakoo, ghorofa ya chini. Hatua sita kutoka mlangoni kwangu kuna chemba, na leo ni siku ya 11 inafurika. Kuanzia saa 12 asubuhi mfuniko unachezacheza kama wa chungu cha maharage, kisha majitaka yanatoka na kila kilichomo, yanampitia mama ntilie wa pembeni, yanaishia kwenye mtaro wa mvua. Tumepanga mawe matano ya kukanyagia. Juzi mteja wangu wa Songea kachagua doti 20, kalipa, kajitwika. Jiwe la tatu likageuka. Yeye alidakwa na kijana wa mkokoteni, mzigo ukaingia mle mle. Nikampa zingine, ningefanyaje?

Simu nimepiga. Nikapewa namba ya malalamiko. Nikapiga tena, nikapewa namba nyingine. Sasa ninazo tatu.

Siku ya tano wakaja vijana na nondo ndefu. Walichovuta humo: pampers, kiroba, na mafuta ya chipsi yaliyoganda vipande vyeupe kama sabuni ya mche. Maji yakashuka, tukashangilia. Kesho yake jioni yakarudi. Aliyekuwa anawasimamia alininong'oneza kabla hajaondoka: "Mzee, tutazibua mpaka tuzeeke. Bomba hili liliwekewa nyumba za Kiswahili."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wazee wa Kariakoo mnaikumbuka nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, choo uani, maji ya ndoo. Sasa kiwanja kile kile kimesimamishwa ghorofa kumi. Piga hesabu ya kitoto tu: flati 4 kila ghorofa ni flati 40, watu wanne kila flati ni watu 160. Kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, hizo ni lita 12,800, kiwanja kimoja. Mtaani kwetu viko saba vya namna hiyo na cha nane kinamwagwa zege nikiandika hapa. Na hawaogi kwa zamu. Watu wote wanavuta flashi kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, ndiyo maana mchana chemba inatulia na wakaguzi wakija saa 6 wanasema "mbona iko sawa?"

Nilimfuata anayetoa vibali vya ujenzi. Kasema anaangalia ramani na maegesho, bomba ni la wengine. Hao wengine wakasema wao hawatoi vibali.

Najua mtakuja na "nyie mnatupa pampers chooni". Kweli tunatupa, na tuna wenye nyumba walioelekeza maji ya paa kwenye chemba ya majitaka, mvua ikinyesha dakika kumi tu mtaa mzima unaogelea. Wapigwe faini, nitawaonyesha mimi mwenyewe. Lakini hata sisi sote tukiwa malaika kuanzia kesho, hizo lita zitapita wapi?

Sensa ya 2012 Dar tulikuwa 4,364,541. Ya 2022 tukawa 5,383,728. Milioni moja imeongezeka, na sehemu kubwa ya jiji haina hata hilo bomba bovu la kulilalamikia, wanategemea shimo na gari la kunyonya, au mvua ikija usiku watu wanatapisha vyoo mtaroni. 2015 kipindupindu kililipuka hapa hapa Dar, sijui tumesahau?

Kuna anayesema tusubiri mitambo mipya ya kusafisha majitaka. Sina kinyongo na mtambo wa Mbezi Beach, na mingine ifuate. Ila mtambo uko mwisho wa safari. Bomba la mtaa likiwa jembamba, uchafu haufiki huko, unaishia mlangoni kwangu. Na hata ukifika: mabwawa ya kusafishia majitaka kama yale ya Vingunguti yanafanya kazi kwa kuyatuliza maji siku nyingi bwawani ili bakteria na jua vifanye kazi yake. Ukiyaongezea maji bila kuongeza mabwawa, au tope la chini lisipotolewa, maji yanapita mbio mabichi, na chini ya Vingunguti kuna Mto Msimbazi. Kwa hiyo vyote viwili vinahitajika, bomba na mtambo, na vyote vilitakiwa kutangulia ghorofa.

Kinachonimaliza kabisa ni bili. Mstari wa majitaka upo kila mwezi, haujawahi kuziba hata siku moja.

Mwenye uzoefu aniambie: kuna mtaa uliofanikiwa kubadilishiwa bomba likawa pana, siyo kuzibuliwa? Mlianzia kwa nani, serikali ya mtaa au diwani? Na mafundi, ile valvu ya kuzuia majitaka yasirudi ndani inafungwaje kwenye choo cha chini? Maana leo asubuhi sinki la dukani limeanza kutoa povu, na mimi sijafungua bomba.