Bizimu tatu za "Gott mit uns" ("Mungu yu pamoja nasi"): alama ipi niiamini?

Binti_Upanga
Wakuu, kuna muuzaji wa vitu vya kale hapa mjini ameniwekea bizimu tatu za mikanda ya jeshi la Mjerumani. Anadai zote ziliokotwa Tanga, walipopigana na Waingereza Novemba 1914. Ya kwanza ni shaba ya manjano, nzito, ina taji, na nyuma imegongwa jina la kiwanda na mwaka 1914. Ya pili ni ya chuma, rangi ya kijivu iliyobanduka, ina taji pia ila haina chapa. Ya tatu ina tai aliyeshika swastika. Ile ya kwanza bei yake ni mara mbili ya nyingine kwa sababu ya chapa. Mnanishauri ipi?

Mdau_Sinza
Ya tatu iondoe kwenye hesabu ya Tanga. Wanazi, chama cha Hitler, waliingia madarakani 1933. Askari wa 1914 hakuvaa tai huyo. Inaweza kuwa halisi ya Vita vya Pili, ila maelezo ya muuzaji si ya kweli, na hizo nyingine usizinunue kwa neno lake.

FundiKariakoo
Dada, mimi kazi yangu ni kumimina shaba, kwa hiyo naanza na kitu kilivyotengenezwa. Chapa baadaye, maana kugonga herufi ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Bizimu ya shaba ya askari wa kawaida wa Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani, ilikuwa vipande viwili: bamba la shaba, na juu yake kiduara cheupe chenye nikeli, kina taji na maneno, kimebandikwa kwa lehemu. Yako ni manjano kote? Kama bamba na kiduara ni mwili mmoja, hiyo imemiminwa. Chukua kioo cha kukuzia utazame ndani ya herufi G. Iliyogongwa kwa mashine ina kingo kali na uso laini. Iliyomiminwa ina vitundu, na kingo zake zimelegea kama sabuni iliyotumika. Ukipata ya kweli ya kulinganisha, pima zote mbili. Shaba ikipoa hunywea, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake.

Ya chuma ni habari nyingine. Kuanzia 1915 Wajerumani walibana shaba kwa ajili ya risasi, bizimu zikagongwa kwa bati moja la chuma na kupakwa kijivu. Igeuze: nyuma lazima uone shimo la taji lile lile lililoinuka mbele.

Mdau_Sinza
Basi fundi umeimaliza Tanga yote. Chuma cha 1915 hakiwezi kuwa cha vita ya Novemba 1914.

Mzee_wa_Ilala
Kweli, ila kuwepo nchini kunawezekana. Meli ya Wajerumani, Marie, ilipenya kizuizi cha Waingereza baharini ikashusha shehena Sudi, pwani ya kusini, mwaka 1916, na mapigano yaliendelea hadi Novemba 1918.

Kuhusu chapa namkatalia fundi kidogo. Chapa inasema mengi ukijua kuisoma. Ya kiwandani imegongwa kwa muhuri mmoja, herufi zimekaa mstari mmoja kwa kina kimoja. Tazama rangi ndani ya herufi: shaba ikiwa imechakaa kote halafu ndani ya mwaka inang'aa, mwaka huo umegongwa juzi. Na kukosa chapa si kosa. Nyingi za chuma hazina, mara nyingi jina la kiwanda na mwaka vilikuwa kwenye ulimi wa ngozi nyuma ya bizimu.

Anayependa chapa atafute mkanda wa turubai wa Waingereza, muundo wa 1937, waliovaa hata vijana wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Shaba yake mara nyingi ina kiwanda, mwaka na kimshale cha mali ya serikali, na turubai lina wino wake. Miaka ikipishana sana, ujue vimeunganishwa.

Binti_Upanga
Nimerudi kuziangalia. Ya manjano ni mwili mmoja, na vitundu vimejaa ndani ya G. Ya chuma nyuma ina shimo la taji, na kutu imeingia hadi chini ya ndoano.

FundiKariakoo
Chukua ya chuma, lakini kwa bei isiyo na Tanga ndani yake. Hakikisha ndoano ni ya zamani kama bamba, kwa sababu hubadilishwa. Na usiipige msasa, dada; mafuta mepesi ya mashine na kitambaa vinatosha.