"Imejaribiwa, inafanya kazi": wauzaji wa kibodi za zamani mnatufanya wajinga

Wakuu, naandika hapa nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Bajeti yangu ndogo. Nilitaka IBM Model M, zile zilizoanza kutoka 1985, kila kitufe kina springi inayojikunja ukibonyeza na kulia "chak!". Nikaipata kwa bei ya kuchekesha. Tangazo lilikuwa na picha moja tu, ya mbele, na maneno matatu: imejaribiwa, inafanya kazi. Kosa langu la kwanza, sikudai picha ya mgongoni. Huko ndiko kuna lebo yenye namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa, na ndiko unakotambua kama ni yenye springi kweli au ni ile yenye vikombe vya mpira ndani, maana Model M za namna hiyo nazo zipo. Hapo tu niliponea chupuchupu.

Mzigo ukafika. Nikautikisa kidogo. Wakuu, ulilia kama kayamba.

Waya wake ni wa PS/2, ile plagi ya duara ya kompyuta za zamani, na muuzaji kanitupia "adapta ya bure", ile ya zambarau ya kwenda USB. Nachomeka: taa tatu zinawaka mara moja, zinazima. Baada ya hapo kimya. Nampigia, ananijibu kwa kujiamini kabisa, "Si umeona taa zimewaka? Basi nzima hiyo." Yaani kujaribu kwenyewe ndiko huko! Taa zinawaka kwa sababu umeme umefika, basi. Ile adapta inabadilisha umbo la plagi tu. PS/2 na USB haziongei lugha moja, na kibodi ya umri ule haijui USB hata kidogo. Kinachotakiwa ni kigeuzi chenye chipu ndani, na hicho unakinunua kwa pesa yako. Na hapo nina bahati, maana wapo waliouziwa zenye plagi kama ya waya wa mtandao. Zile zilikuwa za mashine kubwa za maofisini, ukichomeka kwenye tundu la mtandao utasubiri mpaka uote mvi.

Nikanunua kigeuzi. Herufi N haiandiki, B inaandika ikitaka, na upande wote wa chini unabonyea kama godoro. Nikaamua kufungua. Mgongoni kuna skrubu nne zimezama kwenye mashimo marefu, spana boksi yangu ya milimita 5.5 ni nene, haiingii. Nikaazima nyembamba. Kufungua tu, vikamwagika mezani vichwa vya ribiti za plastiki, nikahesabu 23. Ribiti hizo ndizo zinazobana bati na utando wa nyaya chini ya springi. Plastiki ikizeeka vichwa vinakatika, bati linaachia, kitufe kinagonga hewa. Ni ugonjwa unaojulikana wa Model M, na muuzaji anayejiita mtaalamu wa "vintage" hawezi kuniambia hakuusikia ukilia ndani ya boksi!

Na kabla hamjaniambia "ungenunua nakala mpya", nilianzia huko. Ile yenye vitufe vya duara vya kung'aa kama taipureta. Nikang'oa kitufe kimoja, chini yake swichi ya bluu ya kuiga zile za kampuni ya Cherry, ile ile iliyomo kwenye kibodi za bei rahisi za wacheza gemu. Ya zamani ni sura tu. Vidole vinateleza pembeni ya yale maduara, nikairudisha. Nakala ya kweli ni ile inayorudisha mtambo wa ndani. Kampuni ya Unicomp ya Marekani wanatengeneza za springi tangu 1996, na zinakuja na USB. Niliziona ghali. Sasa jumlisha kibodi, kigeuzi na bolti za kuifunga upya, halafu uniambie nimeokoa nini.

Pesa muuzaji harudishi, anasema "vitu vya kale havina garantii". Sawa. Ungeandika "mbovu, kwa fundi" ningeinunua hivyo hivyo, kwa bei ya ubovu.

Nimeshanunua bolti za M2 (unene wa milimita 2) zenye urefu wa milimita 8 na nati zake, nitoboe penye kila ribiti nifunge upya. Biti za drili za milimita 1.6 nimevunja mbili tayari. Aliyewahi kufanya kazi hii aniambie: unatoboa kwa drili ya umeme au unazungusha kwa mkono?