AUMC: trapeza nyoofu au ya logi?

MwanaDozi: Wakuu, nina data ya dawa iliyochomwa mshipani mara moja. Saa 0 ni mg 16 kwa lita, saa 4 ni 8, saa 8 ni 4, saa 12 ni 2, saa 24 ni 0.25. AUC, yaani eneo chini ya mkunjo wa kiwango cha dawa damuni kwa muda, nimeipata vizuri. Nimekwama kwenye AUMC, eneo chini ya mkunjo wa muda mara kiwango: nitumie trapeza nyoofu (kuunganisha pointi kwa mstari mnyoofu) au ya logi (kuchukulia dawa inashuka kwa uwiano uleule kila saa)?

Sindano: Logi, mkuu. Dawa inapungua nusu kila saa 4, kwa hiyo k, kasi ya dawa kuondoka kwa saa, ni 0.1733. Kwenye AUMC unachora muda mara kiwango. Kati ya saa 12 na 24 inashuka toka 24 hadi 6: nyoofu inakupa 15 × 12 = 180. Logi ni (24 − 6)/k + (2 − 0.25)/k² = 162. Nyoofu imezidisha.

Bi Grafu: Ila msidhani nyoofu huzidisha kila mahali. Kwa AUC ni kweli, kiwango kikishuka huzidisha. Kwa AUMC angalieni saa 0 hadi 4: nyoofu 64, logi 82. Imepunguza! Mkunjo huu hupanda kwanza, umebinuka kama kilima, na mstari unapita chini yake. Unaanza kubonyea baada ya 2/k, hapa kama saa 11.5. Chora kwa mkono, utaona.

MwanaDozi: Nimechora dada, ni kweli. Lakini jumla hadi saa 24 nyoofu inatoa 484, logi 490. Si makosa yanafutana?

Bi Grafu: Ni bahati ya saa ulizotolea damu. Ongeza sampuli ya saa 18, yaani 0.707, nyoofu inashuka hadi 470. Logi haitikisiki.

Mzee wa Plazima: Wanangu, tofauti ya 484 na 490 ni 6 tu, na mkia, yaani eneo la AUMC baada ya saa 24, ni 43! Mkia ni (24 × 0.25)/k + 0.25/k². Kwenye AUC mkia huu ni asilimia 1.6 tu, kwenye AUMC ni 8. Tena k iko kwenye kipeo cha pili, ukiikosea kidogo kosa linakua. Mimi siripoti MRT (wastani wa muda dawa inaokaa mwilini, AUMC ÷ AUC) kabla ya kukagua pointi za mwisho zilizotoa k.

MwanaDozi: Shikamoo mzee. Nimeongeza mkia kwenye AUMC na AUC, MRT ni 533 ÷ 92.3 = saa 5.77, sawasawa na 1/k. Na dawa ya kumeza je?

Sindano: Inapopanda tumia nyoofu, inaposhuka logi. Viwango viwili vikilingana au kimoja kikiwa sifuri, logi haifanyi kazi, rudi kwenye nyoofu. Na MRT hiyo itakuwa na muda wa kufyonzwa ndani yake.