Wapiga kinanda wa Moshi na Arusha, staili kwenye laivu mnatumia au mnazima?

kodi_za_kibosho
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi napiga kinanda hapa Moshi, kanisani na kwenye bendi yetu ndogo ya harusi. Desemba ndo hiyo inakuja, watu wanarudi nyumbani, kila kona send-off, ubarikio, harusi, na wateja wameanza kuniuliza kwani we huwezi kuja na mwimbaji tu, si kinanda chako kina ngoma na besi humo humo? Nina Yamaha PSR-SX700, ina staili 400 za kiwandani, yaani midundo ya ngoma, besi na magita inayojipiga yenyewe ukishika kodi, sio kinanda kibaya. Sasa mpiga gita la solo wetu kasikia, kanuna, anasema anayepiga staili sio mwanamuziki ni mbonyezaji. Nyie mlioko kazini mnasemaje? Na wenzangu nitakaa nao vipi?

chalii_wa_sakina
Aisee huyo solo wako amwache kila mtu ale. Mimi napiga hotelini hapa Arusha, watalii wametoka porini wamechoka wanataka kula, unawawekea bosa nova ya taratibu, kushoto unashika kodi, kulia unapiga melodi, basi. Hoteli haina nafasi ya kuweka dramu na wala hawataki kelele. Bila staili hiyo kazi ingekua ya muziki wa kurekodi wa kwenye fleshi tu, yaani hata mimi nisingeitwa.

ridhim_mkongwe
Mdogo wangu, mimi ni mpiga gita kwahiyo ujue kabisa nasemea upande gani. Hoteli sawa, sina neno. Ila harusi ya Kichaga unaijua, ndafu inaingia, akina mama wa ukoo wanaingia na zawadi wanacheza, pale watu wanataka sebene, na staili ni mzunguko, baa kadhaa zikiisha zinaanza tena vilevile, gita lile lile, roli ile ile. Mtu wa kawaida hawezi kukwambia kasoro ni nini ila utaona anarudi kukaa. Mpiga ngoma akiona bibi kakolea anakaza, anaongeza simbali, besi anamfata. Kinanda chako kinamuona bibi? Alafu staili za kiwandani nyingi ni za Ulaya na Latini, hizo zinazoitwa za Kiafrika ukizisikiliza unacheka.

chalii_wa_sakina
😂😂 kinanda kinamuona bibi. Mzee hapo umenimaliza. Ila si kuna Main A mpaka D, ngazi za staili kutoka tulivu mpaka iliyojaa, akikolea unapanda D unatupia na fili, ule mkong'oto mfupi wa ngoma?

ridhim_mkongwe
Ngazi nne hizo, chalii wangu. Bibi ana zaidi ya nne.

mama_alto
Naomba kusema kama muimbaji maana nyie mnaongea vyuma tu. Mimi nimeimba na staili na nimeimba na plei baki ya fleshi, tofauti ni kubwa mno. Plei baki ina dakika zake, maharusi wakichelewa mlangoni wimbo umeisha MC anaanza kujaza maneno. Staili inazunguka mpaka bwana na bibi harusi wafike mbele, mpigaji akitaka kumaliza ndo anabonyeza endingi, na nikirudia kiitikio anarudi na mimi kwasababu ngoma zinaendelea kuzunguka na besi inafata kodi anayoshika. Nikiona sauti imenikauka namwambia ashushe nusu, anabonyeza transpozi hata pozi za vidole habadilishi. Kinachoniudhi ni wale wanaoacha kila kitu kiwake, vayolini, tarumbeta, gita mbili, mimi naimbia wapi? Kinanda kinakua kinashindana na mimi.

fundi_spika_R
Dada kasema kitu ambacho wapigaji wengi hawakigusi kabisa. Kwenye Yamaha staili ina sehemu nane: ridhim mbili (ndo ngoma zenyewe), besi, kodi mbili, padi (sauti ndefu za nyuma), na frezi mbili (vipande vya mapambo). Kila moja unaizima peke yake. Kwa harusi zima zile frezi na padi, zima kodi zote mbili, bakiza ngoma na besi, kodi upige wewe kwa mkono. Hapohapo ile hali ya mzunguko anayosema mzee inapungua sana, maana kinachochosha sikio mara nyingi ni vile vigita vya kujirudia, ngoma zenyewe sio sana.
Na ngoma zake usiziamini ukipimia spika za kinanda. Ukumbini ukishaunga kwenye miksa kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, inavimba inafunika besi, kwahiyo rekebisha ukiwa na spika za shughuli. Mwenye SX900, kaka yake hicho chako, ana sub out, matundu ya ziada ya kutolea sauti, anaweza kunitolea ngoma kwenye laini yake nikazichezea mwenyewe, we wa stereo nitakusaidia ila kidogo.
Lingine ni umeme. Ukikatika mpiga dramu anaendelea na watu wanapiga makofi, wewe unabaki umekaa kama mgeni mwalikwa. Weka yupiesi ndogo, ile betri ya kushikilia umeme, mambo yako yote yahifadhi kwenye rejista, vile vitufe vya kukumbuka mipangilio, ukiwasha tena unabonyeza kitufe kimoja uko palepale.

kodi_za_kibosho
Aisee asanteni sana. Mzee ridhim, je nikienda na mwimbaji na huyo huyo mpiga solo, ngoma na besi zitoke kwenye kinanda, magita yote ya staili nizime amwachie yeye?

ridhim_mkongwe
Hapo sasa unaongea. Sebene ikiwa na gita la mtu hai juu, ngoma ya mashine inavumilika. Ngoma itengeneze mwenyewe humo kwenye Staili Krieta, sehemu ya kinanda ya kutengenezea staili zako, mrekodi kijana wenu wa dramu apige kwa vidole, usichukue za mtandaoni. Ila swali langu ni moja, huyo wa dramu na wa besi Desemba watakula wapi? Mteja anayewalipa watatu ni kwasababu anajua mashine inafanya ya wawili.

mama_alto
Shughuli kubwa nendeni bendi nzima, za sebuleni na ubarikio nendeni watatu. Na bei mseme tofauti tangu mwanzo, mteja achague yeye.

fundi_spika_R
Na huyo wa dramu mkitumia ngoma alizorekodi, mpeni chochote kila shughuli. Ni mkono wake huo.

kodi_za_kibosho
Hiyo ya mwisho sikuiwaza kabisa. Kesho tuna mazoezi, naenda nayo.