Vyeti tumepewa, kuokoa mtu hatukufundishwa (mafunzo ya huduma ya kwanza kazini, Lamu)

Waungwana, asalaam aleikum.

Nitasema bila kuzunguka. Mafunzo ya huduma ya kwanza tunayoletewa makazini huku Lamu ni ya kupigia picha na kugawa vyeti. Mimi ni mpishi katika hoteli moja upande wa Shela. Nilikaa kwenye mafunzo hayo tangu yalipoanza asubuhi hadi yakavunjwa kabla ya adhuhuri, na ratiba iliyobandikwa ukutani ilisema siku mbili. Cheti ninacho, jina langu limeandikwa vizuri. Lakini nilitoka mle ndani sijui nifanye nini nikimkuta mwenzangu ameanguka na hapumui.

Mkufunzi aliletwa kutoka Nairobi. Slaidi zote zilikuwa za Kiingereza, na yeye mwenyewe alisema Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Waliokaa mbele yake ni mabaharia, wafua nguo, watunza bustani, walinzi wa usiku, na sisi wa jikoni. Mtu mmoja akaomba waziwazi aelezwe kwa Kiswahili, akajibiwa kwamba mwisho kutakuwa na muhtasari wa Kiswahili. Muhtasari haukuja. Mwalimu alikuwa na ndege ya mchana kutoka Manda na boti ilikuwa inamsubiri gatini. Sasa niambieni, mtu anayekesha kazini akilinda wageni usiku kucha, ambaye ndiye wa kwanza kusikia mtu akipiga kelele, amefundishwa nini hapo?

Kisha sanamu. Sanamu ya mtu ya kufanyia mazoezi ya kubonyeza kifua ilikuwa moja kwa watu zaidi ya thelathini, nayo kifua chake kimelegea, ukibonyeza hakirudi. Tulipangwa foleni. Kila mtu akapiga magoti, akabonyeza mara chache, akapigwa picha, akaambiwa ainuke. Waliokuwa nyuma hawakufika kabisa, na vyeti walipewa.

Haya ninayowaandikia sasa nimeyajua baadaye kwa shemeji yangu ambaye ni muuguzi. Alinipigisha magoti barazani kwake nikabonyeza mto mgumu mpaka jasho likanitoka. Kifua cha mtu mzima asiyepumua kinabonyezwa katikati mara 30, kisha pumzi mbili, kisha unarudia. Unashuka sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukishuka unakiacha kifua kirudi juu chote kabla ya kubonyeza tena. Ukifanya hivyo dakika mbili tu mikono inaanza kuisha nguvu, ndiyo maana watu hupokezana. Uchovu huo huwezi kuujua kwa kuangalia slaidi. Lazima mwili wako uupate, ili siku ya siku usishtuke ukaacha.

Na sisi wanawake tulitendewaje? Zoezi la kumlaza mtu ubavu na la kumtoa mtu aliyepaliwa lilifanywa wawili wawili. Tukasema kwa adabu kabisa kwamba tutafanya wanawake kwa wanawake, tupewe kile chumba cha pembeni, hakuna zaidi. Mkufunzi akatuambia tuangalie tu, inatosha. Haitoshi! Jikoni ndiko mtu anakopaliwa na mnofu wa nyama. Jikoni ndiko mafuta yanakomwagika. Kwamba mtu aliyepaliwa hupigwa kwa kiganja mara tano kati ya mabega, na kilichomkwama kisipotoka unambana tumbo mara tano kutoka nyuma, hayo hayaingii mkononi kwa kuangalia mwanamume akimshika mwanamume mwenzake upande wa pili wa ukumbi. Mji huu una ada zake na kila mwajiri anazijua. Kuleta mkufunzi mwanamke si jambo kubwa.

Kuhusu kuungua, ambalo ndilo jeraha letu la kila wiki, tulipata slaidi moja iliyopita mbio. Watu jikoni bado wanapaka dawa ya meno, asali, ute wa yai. Hakuna aliyewaambia kwamba kinachotakiwa ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20, pete na bangili zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba, na malengelenge yasipasuliwe.

Lakini lililoniuma zaidi ni la bahari. Mifano yote ilikuwa ya barabara: gari limepinduka, pikipiki imegonga, piga simu, ambulansi inafika, kabidhi mgonjwa. Nahodha wetu, mzee wa makamo ambaye amevusha watu baina ya Shela, Amu (mji wa Lamu) na Mokowe tangu ujana wake, akainua mkono. Akasema, “Mwalimu, mwanangu, mimi mtu akizama nikamtoa majini hapumui, niko katikati ya mkondo na kusi limevuma, nianzie wapi?” Jibu alilopewa ni kwamba aanze kifua kama kawaida na apige simu ya dharura. Basi, wakasonga mbele.

Hilo ndilo swali lililotakiwa kuchukua siku nzima katika mji kama huu! Mtu aliyezama kinachomuua ni kukosa hewa, kwa hiyo aliyefundishwa humwanzia na pumzi kwanza, ndipo anaingia kwenye kifua. Na tena huku kwetu bado watu humbeba aliyezama kichwa chini miguu juu, ama humkandamiza tumbo ili maji yatoke. Hiyo inapoteza muda na inaleta matapishi yanayoweza kushuka mapafuni. Ukumbi ulikuwa umejaa mabaharia wanaoamini hivyo, na walitoka wakiamini hivyo hivyo. Mwiba wa samaki aitwaye taa haukutajwa hata kwa jina, ilhali wageni na wavuvi hukanyaga taa kila msimu, na kuuloweka mguu katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kustahimili bila kuungua hupunguza maumivu sana. Na kumbeba mgonjwa? Hapa hakuna gari la kuita. Kuna boti, kuna mkokoteni, kuna punda, na vichochoro ambavyo machela haikunji kona. Kutoka Shela hadi Hospitali ya King Fahd ni kama kilomita tatu kando ya maji, na maji makubwa ya bamvua yakijaa sehemu ya njia inafunikwa. Unampakiaje mtu aliyevunjika mguu kwenye boti inayoyumba? Kimya.

Matokeo tumeyaona. Fundi aliyekuwa akitengeneza mashua ya hoteli ufukweni alijikata muundi kwa tezo. Damu ilitoka vibaya. Wenye vyeti walikimbilia kisanduku cha huduma ya kwanza, wakakikuta kimefungwa kwa kufuli na ufunguo ameondoka nao meneja kwenda Mokowe. Wakasimama wanapigiana simu. Aliyemsaidia fundi ni kijana mpagazi ambaye hata kwenye mafunzo hakuitwa. Alivua kikoi chake, akakikunja, akakandamiza jeraha kwa mikono miwili na hakuachia mpaka wakafika hospitali kwa boti. Fundi amepona, alhamdulillahi. Kufuli lilipovunjwa ndani mkatoka plasta, vidonge vya kichwa na bendeji moja iliyogeuka rangi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke kisanduku mahali kinapofikika kwa urahisi, na inamtaka awape wafanyakazi mafunzo ya usalama wao. Kufuli si kufikika kwa urahisi. Ipo pia idara ya serikali ya usalama na afya kazini inayoidhinisha wanaotoa mafunzo haya. Naomba maofisa wake waje wakae nyuma ya ukumbi siku ya mafunzo, bila kutoa taarifa, na wahesabu sanamu.

Sisi wa jikoni, mabaharia na walinzi tumeandika barua kwa pamoja. Tunataka mafunzo yarudiwe kwa Kiswahili, siku zote mbili, sanamu za kutosha ili kila mtu abonyeze dakika mbili kamili, mkufunzi mwanamke awepo, na nusu ya mazoezi ifanyike ufukweni na ndani ya boti. Jibu la kwanza tulilopata ni kwamba vyeti bado havijaisha muda, tusubiri. Hatusubiri. Barua ya pili imeshaandikwa na hii inakwenda kwa hao maofisa moja kwa moja.

Ninyi mlio Malindi na Watamu, kwenye boti za watalii, na mlio kwenye viwanda vya chumvi Gongoni: kwenu inafanywaje? Aliyewahi kufundishwa na mtu aliyeingia naye majini kweli aandike hapa, na aseme alilipiwa na nani na mafunzo yalichukua siku ngapi. Nataka kuyaambatanisha na barua.