Mrejesho: Prolog na upatanisho wa ngeli

Wakuu, niliuliza namna ya kuifanya kompyuta ikubali "mitumbwi mikubwa imefika" na ikatae "mitumbwi wakubwa wamefika". Mlinishauri Prolog, lugha ya kuandikia programu iliyozaliwa Marseille mwaka 1972, ngeli iwe kigeu (nafasi inayojazwa thamani) kinachopita kwenye nomino, kivumishi na kitenzi. Imekubali! Kanuni moja inatosha ngeli zote. Zikigongana, sentensi inakataliwa. Tena kanuni hiyohiyo inaweza kutunga sentensi, jambo lililonifurahisha mno.

Sasa maana. "Kila mvuvi wa Kibirizi alipanda mtumbwi": mmoja kwa wote, au kila mtu na wake? Kimantiki ni fomula mbili, kutegemea "kila" na "kuna" ipi inatangulia. Programu yangu inatoa moja tu. Mwenye uzoefu wa lambda (njia ya kimantiki ya kuunganisha maana za maneno kuwa maana ya sentensi) anielekeze, nipo hapa Kigoma.